Jina Lako Kwenye Kioo

Mjukuu wangu Mwangi,

Wewe huniita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, kwa sababu nilipewa jina la nyanya yetu, basi leo nakuandikia kama cucu, ingawa bado niko kidato cha tatu. Huku Nyeri ni baridi. Nyanya mwenyewe anasema ng'ombe wake amezaa.

Mama yako amenieleza kuwa ulipimwa damu kliniki, na sasa umekataa dawa za malaria. Unauliza, "Ati watajuaje ile damu ni yangu, na vioo vyote vya kupimia vinafanana?" Hata mimi niliwahi kujiuliza hivyo.

Mwaka jana, katika maabara ya shule, tulipaka mate yetu kwenye vioo vyembamba, tukaandika majina kwenye ncha iliyokwaruzwa ili ishike maandishi. Rafiki yangu Njeri alitumia biki. Mimi nilitumia penseli, kwa kuwa biki yangu ilikuwa imeisha. Mwalimu akavitia vioo kwenye spiriti, kisha kwenye rangi, akavisuuza. Jina la Njeri likaenda na maji.

"Na mgonjwa huyu sasa ni nani?" mwalimu akauliza, tukacheka.

Langu lilibaki, maana spiriti huyeyusha wino, si penseli. Nilikishika kioo kwa kingo zake, nikastaajabu kwamba kitu chembamba hivyo kinaweza kumtunza mtu asichanganywe na mwingine.

Ukirudi kliniki, omba uonyeshwe jina lako kwenye ile ncha ya kioo. Lakini dawa, tafadhali, meza leo.

Barua hii nimeiandika kwa biki, ila jina lako hapo juu ni la penseli. Hata ikinyeshewa njiani, watajua ni yako.

Cucu wako,
Wambui