Ondoa Jina Lako Kwenye Kiwanja cha Shule

Kaka yangu Maduhu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo, na mkubwa hubaki mkubwa hata anapofanya mambo ya kitoto. Ila usidhani heshima hiyo itanilegeza. Nimekupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza ulisema upo kwenye kikao, mara ya pili upo barabarani, mara ya tatu ukakata. Basi nimeamua kukuandikia mahali ambapo kila mtu atasoma, maana jambo lenyewe nalo limebandikwa mahali ambapo kila mtu anasoma: kwenye ubao wa ofisi ya mtaa.

Pale pana orodha ya walioomba fremu za biashara. Halmashauri yetu inataka kukata upande wa mbele wa kiwanja cha shule ya msingi, ule unaotazama barabara ya kwenda Katoro, ibomoe boma la madarasa mawili lililosimama pale bila paa, ijenge maduka ya kupangisha. Jina lako ni la pili. Majina yameandikwa yote matatu, la baba likiwa katikati, ili tusije tukadhani ni Maduhu mwingine.

Shule ile ile, kaka. Wewe ulikuwa darasa la tano, mimi la pili, na kila Jumamosi tulishuka korongoni kuchota mchanga wa kujengea. Wewe na ndoo, mimi na sufuria la mama lililochakaa. Kila mtoto alipangiwa safari zake, na mimi nilichoka kabla ya kuzimaliza. Ukanibebea, ukamwaga mchanga kwenye fungu langu. Mwalimu Tereza akainama, akatazama nyayo chini, akaniuliza, “Kabula, huu mchanga wako umekuja kwa miguu ya Maduhu?” Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akashindwa kutuadhibu.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyekufundisha desimali. Usiniambie umesahau, kwa sababu wewe ndiwe uliyetusimulia, ukiwa umeketi jikoni na vumbi la machimbo ya Mwakitolyo bado kwenye nyusi. Mnunuzi wa dhahabu aliweka mzigo wako kwenye mizani, akasoma haraka haraka, ukamwambia, “Bosi, hapo umeruka nukta.” Akakutazama juu mpaka chini: “Wewe mchimbaji au mwalimu?” Mama alicheka akishika goti lake lililokuwa linamuuma. Duara lako, lile shimo ulilochimba, lilitoa dhahabu, wenzako nao walitoa, lakini wao mizani iliwala na wewe haikukula. Kwa dhahabu hiyo ulinunua viwanja, ukajenga vyumba vya kupanga, ukahamia Dar es Salaam. Yote hayo yalianzia kwenye darasa lenye sakafu ya udongo, na leo unataka kuuza vocha na simu mahali darasa linapopaswa kuwa.

Halafu boma lenyewe. Nani asiyejua kwamba mle ndani mna matofali yako? Mwaka tulioanza kulijenga ulituma lori zima la tofali za kuchoma. Wanawake walikupigia vigelegele na hukuwepo hata kuvisikia. Mama, aliyekuwa kwenye kamati ya shule, alisimama kando ya lori akipokea pongezi kama bibi harusi. “Mama Maduhu, umezaa!” walimwambia. Mji mzima ulimwita mama yetu kwa jina lako, kaka. Jina hilo ndilo uliloliandika kwenye orodha ya watu wanaotaka boma livunjwe.

Najua utauliza kwa nini tuliliacha bila bati miaka yote hii. Nitakujibu bila kutuonea huruma. Huku kwetu tumezoeshwa kwamba wananchi wanapandisha kuta mpaka kwenye lenta juu ya madirisha, serikali inapaua. Tulipokuwa watoto ilikuwa hivyo kweli: kuta zilifika lenta, likaja gari la mabati. Kwa hiyo safari hii nasi tulifika lenta, tukanawa mikono, tukasubiri. Wapo vijana waliosema tuchange tupaue wenyewe. Aliyewakatalia ni mama. “Tukipaua wenyewe watasema hawatuhitaji, na sisi hatuwahitaji,” alisema. “Ahadi ni ahadi.” Watu wakampigia makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Mama alikosea. Namlilia mpaka leo, lakini katika hilo alikosea, na sote tulikosea pamoja naye. Mvua zikanyesha, mipapai ikaota mahali pa kuweka madawati, mbuzi wakapata kivuli. Mama amekufa akisubiri bati.

Sasa sikiliza yaliyotokea kwenye mkutano wa mtaa, maana waliokusimulia wamekuficha nusu.

Afisa kutoka halmashauri alitueleza vizuri, kwa Kiswahili cha kupigwa pasi, kwamba fremu zitaongeza mapato ya ndani na kwamba mapato hayo yatasaidia elimu. Yaani tubomoe madarasa ili tupate fedha za madarasa. Alisema boma lile “limetelekezwa” na eneo halitumiki. Hapo akanyanyuka Mama Neema. Humjui, ingawa anaishi kwenye nyumba yako, chumba cha mwisho karibu na choo, na ndiye anayeuza mchele pale kona. Aliuliza hivi:

“Mheshimiwa, mimi ni mpangaji. Kila mwezi nikinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku. Jengo si langu. Hata msumari wa kutundikia khanga niliomba ruhusa. Sasa hiyo kodi ninayomlipia mwenye nyumba inakwenda wapi, wakati mwanangu anasoma zamu ya mchana, amekaa chini?”

“Mama, fedha hiyo haibaki hapa. Inapita Hazina kwanza.”

“Ikipita inarudi?”

“Kuna utaratibu.”

“Utaratibu huo una miguu au tuukodie bodaboda?”

Watu waliangua kicheko, hata mtendaji wa mtaa alijificha nyuma ya faili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria nyumba ile ni ya nani. Zamani, halmashauri ilipokuwa inaleta ankara mkononi, ulinipigia simu ukifoka: wananikamua, wanafanyia nini hiyo kodi? Tangu ihamie kwenye luku sijakusikia tena ukilalamika. Kumbe maumivu yamehamia kwa muuza mchele. Serikali inamkata anayewasha taa, mwenye jengo analala usingizi Dar es Salaam, wanawe wanakwenda shule kwa basi la njano. Na hakutosheka na hayo, ameomba na kiwanja cha shule ya mtoto wa huyo huyo anayemlipia kodi. Nimesoma vitabu vingi kuhusu wakoloni, kaka. Sikudhani siku moja nitawasoma nikiwa namfikiria mtu niliyenyonya naye ziwa moja.

Basi nikasimama, nikasema: “Jina la pili kwenye orodha ni la kaka yangu. Mwenye nyumba ya Mama Neema ndiye huyo. Boma lina tofali zake na sasa anataka livunjwe.”

Shangazi Milembe alinivuta khanga nikae. “We mtoto! Ya nyumbani yanasemwa nyumbani!” Nikamjibu mbele ya watu, na kwa kumjibu hivyo nimeshamwomba radhi: “Shangazi, darasa la watu wote si nyumbani kwetu.”

Naambiwa umekasirika kwamba nimekuvua nguo. Kasirika. Ila ujue kwamba nilipofika nyumbani nilitoa ile picha yako ukiwa darasa la saba, umevaa kaptula iliyotiwa kiraka na mama, nikailaza kifudifudi mezani. Sikuweza kukutazama. Sijui kati yetu aliyeona aibu ni nani.

Usinipe hoja ya kwamba usipochukua wewe atachukua mwingine. Ndiyo hoja ya kila mtu aliye kwenye ile orodha, na wote wananiambia wanakungoja wewe. “Kaka yako akitoka, nasi tunatoka,” ameniambia mmoja wao dukani kwake bila haya. Watu wazima, wamejipanga nyuma yako kama kondoo mlangoni. Wala usiniambie mji unahitaji maendeleo. Malori yamepita hapa tangu enzi za mgodi wa Buzwagi na vumbi lake tumelimeza sisi. Maduka tunayo mpaka yanagombea wateja. Darasa la tatu ndilo linalosoma kwa zamu, nusu asubuhi, nusu mchana, kwa sababu hakuna pa kuwaweka.

Madiwani watakuja kukagua eneo kabla ya kupiga kura, na neno walilolishika ni hilo moja: limetelekezwa. Kwa hiyo tumewanyang'anya neno. Siku mbili baada ya mkutano Mama Neema alileta mabati aliyokuwa anayaweka kwa ajili ya nyumba yake huko kijijini. Wa pili akaleta mbao. Fundi aliyesomea pale pale akapanda kufunga kenchi za paa bila kuuliza ujira. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kutuonya kwamba hatuna kibali cha kupaua, akasimama kidogo, kisha akavua koti akashika ngazi. Hatukusubiri mtu. Ingekuwa vyema kama tungejua kufanya hivi mama akiwa hai.

Mabati yalitosha chumba kimoja tu. Fundi akauliza tuanze na kipi. Nilikwenda ofisi ya mtaa nikatazama ramani iliyobandikwa chini ya orodha, nikatafuta namba ya fremu uliyoomba, nikarudi nikamwonyesha kwa kidole chumba kilichosimama hapo.

Fremu yako, kaka, imeshaezekwa. Tangu Jumatatu ndani yake kuna darasa la tatu, asubuhi, wote kwa pamoja, mwana wa Mama Neema akiwa mstari wa mbele. Hawana madawati bado, wamekaa juu ya matofali yako yaliyobaki. Andika barua uondoe jina lako. Usipoandika, basi panda basi uje, na uwatoe wewe mwenyewe, mmoja mmoja, ukiwatazama usoni.

Nisalimie wifi na watoto. Ukija kuleta barua au ukija kuwatoa, chakula kipo.

Ni mimi mdogo wako, niliyekufuata tumboni mwa mama,
Kabula