Choroko za Amihan

Hong Kong, 6 Juni

Mama mpenzi,

Kutoka huku mbali naugusisha mkono wako kwenye paji langu, kukuamkia kwa heshima. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Mimi mzima.

Naandika kwa sababu kwenye simu Amihan huwa pembeni yako. Ameniambia ulimpigisha magoti juu ya choroko kwa kuficha daftari la shule. Mama, ana miaka saba. Mimi hapa namlea mtoto wa watu, akiokota soksi zake tu nampigia makofi, na tabia yake imenyooka. Wangu anapiga magoti. Naomba umsifu anapofanya vizuri, hata kidogo.

Mwanao,
Delia

Guimbal, 2 Julai

Delia mwanangu,

Magoti yanauma, asante. Kuku wako watatu wametaga.

Wewe nilikulea kwa choroko hizohizo, mbona hukufa? Lakini nimekusikia. Akifanya jema, namsifu na kutia punje moja ya choroko kwenye chupa ndogo. Siku ya kwanza nilimsifu kwa kuosha sahani, akaniuliza kama naumwa.

Sasa nimeharibu. Aliuliza chupa ikijaa atapata nini, neno likaniponyoka: "Mama yako atarudi." Tangu hapo hachezi. Anafagia hadi uwanja wa jirani. Chupa imepita nusu, nami naogopa kuitazama. Nifanye nini?

Mama yako

Hong Kong, 20 Julai

Mama,

Natumaini hujambo. Nimelia, sikufichi. Mkataba wangu unaisha Aprili ya mwaka kesho kutwa, hilo unalijua.

Usizipunguze punje za chupani kwa siri. Mwambie ukweli wewe mwenyewe, kwa upole. Sikulaumu, na mimi ningeweza kuponyokwa na neno hilo.

Delia wako

Guimbal, 28 Septemba

Mwanangu,

Sote wazima. Nisamehe kwa kimya changu, nilikuwa natafuta ujasiri.

Ijumaa iliyopita nilipiga magoti mbele yake ili tutazamane. Nikamwambia nilidanganya, wewe hutarudi hadi Aprili ile, na chupa haina uwezo huo. Akalia sana, nami nikalia. Kisha akaniuliza leo tunakula nini. Nikasema choroko, kama kila Ijumaa. Akamimina chupa yote kwenye sufuria, akakutengea na wewe sahani.

Tulipomaliza kula, akatia punje moja kwenye chupa tupu. Nikauliza ya nani.

"Yako, Bibi. Umesema kweli."

Delia, nina miaka sitini na minane, na sikumbuki lini nilisifiwa mara ya mwisho. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Jumamosi alicheza hadi jioni, akarudi na matope, sikumgombeza.

Punje ile nimemwomba ruhusa, nimeifunga kwenye karatasi humu ndani. Ni yako. Ulikuwa mtoto mzuri, nami sikukwambia hata siku moja. Yale magoti yako ya utotoni, mwanangu, nisamehe.

Mama yako