Mafahali wa Mtungini

Dada Echati, rafiki yangu,

Jana nimerudi Moroni kutoka kwako. Ndiyo, meli zinavuka tena, visiwa vimepatana, na mimi hatimaye nimefika kisiwani kwenu, Mutsamudu, nikakusomea Fatiha kaburini. Nililia. Kisha nikapanda mlimani, kijiji cha Patsy, kuona ng'ombe, maana ungenigombeza kama ningeishia kulia tu.

Habari uliyoikosa ni hii: walizaa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikikutumia kutoka huku ile naitrojeni ya baridi kali ya kugandisha mbegu za mafahali mtungini. Kisiwa chenu kilipojitenga, meli zikasimama. Ulinipigia simu ofisini, sauti kavu: "Hadidja, mtungi unapungua. Baridi ikiisha, mbegu zote zimekufa." Baadaye simu nazo zikakatika, na habari iliyofuata kunifikia ilikuwa ya homa iliyokuchukua. Nikaamini mbegu nazo zilipotea.

Kumbe wewe, na goti lako lile bovu, uliutia mtungi kwenye kapu ukalibeba mgongoni, ukapanda Patsy kwa miguu kwa sababu taksi hazikuwa na mafuta! Mzee Bakari, yule mwenye ng'ombe weusi, ndiye aliyenisimulia. Mliongozana hadi kwenye kizuizi, na vijana wenye bunduki wakadhani umebeba bomu. Eti ukawaambia, "Humu mna mafahali. Mkinichelewesha watakufa." Walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu mmoja akauliza kwa aibu, "Mama, ng'ombe wa mama yangu yuko kwenye joto la kupandwa tangu asubuhi. Utampitia?"

Ukampitia wa kwanza, ukampandikiza mbegu. Kisha nyumba kwa nyumba, mpaka mbegu ya mwisho, na milio ya risasi ikisikika kutoka bandarini.

Hukuwaona ndama wako. Nimewaona mimi badala yako. Wana vifua vya baba zao wa mbali na miguu ya mama zao, inayoujua mteremko. Wale majike sasa wanakamuliwa. Watoto wa Patsy wanakunywa maziwa, Dada.

Juzi redio imesema wataalamu wamenakili farasi, wakazalisha pacha wake, kama walivyomnakili yule kondoo. Habari ya kondoo ilipotoka, kabla tu ya matatizo, ulishangilia kwenye simu kana kwamba umemzalisha wewe. "Mungu amewapa watu akili!" Nikakuuliza kama ungemnakili Zafarani, ng'ombe wako uliyempenda kuliko wote. Ukajibu: "Hapana. Wakiwa wote ni yeye yule yule, homa ya kupe itakayomuua mmoja itawaua wote. Halafu mimi nataka ndama anishangaze."

Nimeshangazwa kwa niaba yako.

Nafasi yako ya kazi Mutsamudu bado iko wazi. Nimeiomba. Jirani zangu hapa mtaani Badjanani wananiuliza mtu wa kisiwa hiki cha Ngazidja ataishije huko baada ya yote yale. Sijui. Naogopa kidogo, nakwambia kweli. Lakini nani mwingine uliyemfundisha kwa miaka yote hiyo, kwa simu, kwa ukali wako wote?

Pumzika, Echati. Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake. Nakuahidi, mtu wa Patsy akinigongea mlango kuniambia ng'ombe wake ameanza kulia akitaka dume, nitavaa viatu nitoke. Sitamuuliza alikuwa upande gani.

Mdogo wako,
Hadidja