Nyundo ya Mama Saumu

Mjukuu wangu Zuhura,

Cherehani yangu na godoro viliibwa Jumamosi moja mchana, wiki ileile niliyohamia nyumba yangu ya Utange, na hadi leo vinaniuma. Nakueleza kwa kuwa umeniuliza ununue kufuli gani kwa nyumba yako mpya huko Nakuru. Sisi tu wazima, na babu yako akusalimu sana.

Nyumba ile niliijenga kwa kushona nguo za watu. Nikatia vyuma madirishani na kufuli kubwa mlangoni, nikaenda harusini Likoni roho imetulia. Niliporudi, jirani yangu Mama Saumu alikuwa akifagia kibarazani kwake.

"Kumbe huhami?" akaniuliza. "Wale vijana wa mkokoteni walisema umewatuma na ufunguo umepotea. Nikawaazima nyundo."

Nilitaka kumgombeza. Lakini angejuaje, nami sijampelekea hata sahani ya mahamri wala kumwambia jina langu? Jioni ile nilimpelekea. Tangu hapo hata fundi wa maji hafiki mlangoni kwangu kabla Mama Saumu hajamhoji ni mtoto wa nani.

Kufuli nunua, tena nzito. Ila nijibu kabla ya swala ya Ijumaa: jirani yako wa mkono wa kulia aitwa nani?

Bibi yako