Siku Saba za Kungoja Ukatae

Mama,

Rehema za Mola zikufunike huko uliko. Ni mimi, Mwanaisha. Nimerudi kukaa nyumbani Mishomoroni, na kila asubuhi bado naamka nikidhani nitakusikia ukikohoa jikoni.

Unalikumbuka lile daftari lako la paswadi? Ulilijalidi kwa gazeti kama la mwanafunzi. Siku ulipofundishwa kazini kwenu Changamwe ile programu ya kutunza maneno ya siri, ulirudi ukaniita.

"Mwanaisha!"

"Abee, Mama."

"Kaa kitako. Sasa nitakumbuka neno moja tu. Mengine yote yatakaa humu, hata mwizi asiyaone."

Ukalichana daftari karatasi moja moja, ukazitia motoni chini ya sufuria ya kunde. Nilicheka mpaka machozi. Kisha ukaniandikisha mimi kuwa mtu wa kufunguliwa programu hiyo siku utakayoondoka duniani. Nikakwambia, "Mama, mambo ya kifo na chakula ki motoni?" Ulikoroga kunde zako.

Simu yako ilivunjika hospitalini siku ile ya mwisho. Na picha za Baba zote zilikuwa kwenye akaunti yako, ambayo paswadi yake imo kwenye ile programu, zile ulizozipiga upya kabla mchwa hawajaimaliza albamu. Mdogo wangu Athman kila akija kutoka Mtongwe huniuliza, "Dada, sura ya Baba tutaiona wapi?"

Basi baada ya arubaini nikaomba kufunguliwa. Programu ikanijibu kwamba imekuandikia wewe mwenyewe, na usipokataa kwa siku saba, nitaingia.

Siku saba, Mama. Wallahi sijapata kungoja hivyo. Nilikuwa naitazama simu kabla sijanawa uso. Picha nilizitaka, lakini moyo... moyo ulitamani ukatae. Ukatae mara moja tu, nijue upo.

Hukukataa.

Nikaingia. Athman alipoiona ile picha ya Baba pale Shelly Beach, suruali kaikunja magotini, alikaa sakafuni. Mimi nikabaki kwenye orodha. Kumbe na paswadi zangu zimo! Ya chuo, ya barua pepe, ya maombi ya kazi; zote nilizokuwa nakupigia simu kukuuliza miaka ile niliyokuwa mbali, nikidhani wazijua kwa kichwa. Na kila moja umeiandikia maneno. "Ya Mwanaisha. Atasahau tena." "Ya Mwanaisha. Asigombezwe, ana mtihani." Na moja, Mama, hii imenivunja: "Ya Mwanaisha. Hajapiga wiki mbili. Akiuliza hii, mzungumzishe kwanza."

Ulinizungumzisha kweli. Mvua imenyesha huko? Umekula nini? Nami nikikuharakisha.

Nisamehe. Siku hizi nampigia Athman bila haja yoyote, namuuliza amekula nini, namwacha aseme mpaka achoke. Nakuahidi sitamharakisha.

Pumzika, mama yangu. Inshallah tutaonana, na siku hiyo sitakuwa na haraka.

Mwanao,
Mwanaisha