Aliyekuja na Chifu

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti linaendeleaje? Na mvua imefika huko Pap Onditi, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani nimeizoea, na wazee ninaowauguza wananipenda, hata yule anayenirushia vijiko.

Chifu alifika salama. Najua majirani walicheka mpaka basi, mbwa wa kijijini kupanda ndege! Lakini tungefanyaje? Tangu tumzike Baba, mbwa wake alikuwa analala juu ya kaburi akilia, na wewe hupati usingizi.

Asubuhi ya safari alikataa kuinuka. Nyinyi mlikuwa mnapakia mizigo, hamkuniona. Nilipiga magoti, nikaweka mkono kwenye udongo wa kaburi, nikasema, "Amka sasa. Wadhi dala." Twende nyumbani. Akainuka mara moja, nami nikafurahi kama mjinga. Mama, unajua maneno hayo huambiwa nani. Ndiyo wazee walimwambia mjomba pale ziwani alipozama, ili roho yake iwafuate nyumbani. Mimi nikayasema kaburini kwa Baba, aliyekuwa nyumbani kwake tayari.

Uwanja wa ndege wa Kisumu walipima sanduku la Chifu, kisha wakalirudisha kwenye mizani. Yule baba wa mizigo akashika kiuno.

"Madam, hii mbwa umelisha mawe? Saa ile ilikuwa nyepesi, sasa imekuwa nzito hivi."

"Labda ni mizani yenu," nikamwambia, nikacheka. Na mimi ninayeogopa ndege, nililala njia nzima kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Sasa kila jioni Chifu huenda mlangoni, hutikisa mkia, kisha husogea kando kupisha miguu ya mtu. Mlango haujafunguliwa. Juzi bibi mwenye nyumba aliniuliza kama nina mgeni, maana humsikia mwanamume akikohoa kwenye ngazi. Nilimwambia ni redio. Naogopa, Mama, sikufichi.

Jumapili uliponiambia kwamba Baba haji tena kwenye ndoto zako, na kwamba boma limenyamaza tangu niondoke, nilikata simu nikasingizia mtandao. Nilijua yuko wapi.

Nisalimie shangazi muuza dagaa wa omena, na kaka Omondi anayekuangalizia ng'ombe. Pasta msalimie pia, ila haya usimwambie. Atasema ni huzuni tu, na mimi sina nguvu za kubishana naye.

Naweza kuomba likizo nije na Chifu, Baba atatufuata. Najua pa kulala pake ni hapo, karibu na wewe. Lakini sikuwepo alipokata roho, Mama, na huku kila jioni anakuja kwangu. Ukiniambia nimrudishe, nitamrudisha. Nakuomba tu usiharakishe kunijibu.

Ni mimi binti yenu,
Akinyi