Matuta Nyuma ya Jiko

Kaagya, Jumatano, mwezi wa Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika sasa hivi tu. Nyumba nzima inanuka moshi na dawa ya kuchua. Nina hasira, na hapa sina wa kumwambia, basi naandika.

Tangu juzi nimekuwa nikipanga bustani. Si kitalu cha mchicha, la. Ni bustani kubwa ya matuta yaliyoinuliwa, kuanzia nyuma ya jiko mpaka pale migomba ilipoliwa na vifukusi ikaanguka. Mvua za huku hubeba udongo wote mzuri. Bwana Shamba alituonyesha kule Nyanga: unazungushia fito, unajaza udongo mweusi, majani makavu na samadi, hadi tuta linafika magotini na maji yanapita pembeni. Lisiwe pana mno, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Kabichi, karoti, vitunguu. Wazungu na Wahindi wa mjini wanazitaka, na mama yangu aliye Bilele, huko huko mjini, angeniuzia.

Sasa niseme kweli.

Bustani hii ni ya wakati ambao mume wangu hatakuwepo.

Sued anakohoa damu tangu Ramadhani. Daktari amemrudisha nyumbani, na sote tunajua maana yake. Tumejaliwa mabinti tu. Kwa Wahaya, kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ni mali ya ukoo. Akifa Sued kitakwenda kwa kaka yake, Ta Yusufu, nami nitakaa kwa hisani au nitafungasha. Nilidhani mboga hazina ugomvi. Nani atagombea kabichi?

Jana nikakata vigingi vya kupimia. Nilitaka mti usiooza upesi, nikauona ule wenye shina lililonyooka na majani marefu, ambao hata ukichomeka kijiti tu unaota. Omulamula. Mimi ni mtoto wa mjini, baba yangu alitoka pwani, na kwetu mti ule ulikuwa pambo tu. Nikachomeka vigingi kuzunguka eneo lote, nikafunga kamba, nikasimama nikitabasamu peke yangu kama mjinga.

Leo asubuhi Ta Yusufu alikuja kumjulia hali mdogo wake. Hakufika kitandani. Alisimama nyuma ya jiko, kofia mkononi.

"Shemeji, nani amekupimia hapa?"

"Nimepima mwenyewe. Ni mahali pa mboga."

"Mboga hazizungushiwi omulamula, waitu shemeji. Huo ni mpaka. Tunauchomeka mbele ya wazee wa ukoo, mwenye kibanja akiwa ameshazikwa. Wewe umegawa, na ndugu yangu anapumua!"

Nikamwapia kwamba sikujua. Nadhani aliniamini, lakini majirani walikwisha simama njiani, na alikuwa amesema kwa sauti.

Nikakimbilia ndani. Nilitaka Sued aseme neno moja tu. Angetamka mbele ya kaka yake kwamba kipande kile ni cha mke wake, ukoo ungepata taabu kulipinga neno la mgonjwa. Yeye anajua hilo, na mimi nalijua. Nilimtazama usoni bila haya.

Ta Yusufu akanifuata, tukamshika huku na huku, tukamfikisha mlangoni. Akavitazama vigingi muda mrefu.

"Ving'oe," akasema. Kisha akavuta pumzi. "Mwanamke analima rweya. Hata mama yetu alilima rweya."

Rweya ni ile nyika ya majani nje ya kijiji. Udongo wake ni maskini, unalima msimu mmoja unahamia pengine. Hakuna anayeirithi, kwa hiyo hakuna anayekunyima.

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo linaloniuma. Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani.

Nikaving'oa vyote huku wananitazama. Ta Yusufu alivikusanya akaondoka navyo kwapani.

Nikarudi jikoni, nikapika ndizi, nikaziponda zikawa laini. Sued alikula mkononi mwangu, akasema, "Asante, Mama Zainabu." Nikaitika. Nampenda mtu huyu, na leo nilitamani kumtemea mate.

Nitaendelea kumlisha. Nitamwosha, nitamgeuza asipate vidonda, na hakuna atakayesema nilimtupa. Kumsamehe bado.

Ila kesho, mvua ikiniruhusu, nitamtuma Zainabu Bilele akamwambie bibi yake aanze kututayarishia chumba. Ta Yusufu aliponiona simngoji mume wangu azikwe, alikosea kuhusu jana tu. Ndugu yake anapumua, na mimi nimeshaanza kuhama.